Silinda ya Tatu Ilikuwa Baridi

Magurudumu yalikuwa yameshaiacha changarawe, nami nimeshaanza kuwaza supu ya samoni ya Eino, mume wa rubani wangu, injini ilipokohoa. Ikakohoa tena. Pua ya ndege ikatetemeka kama meno ya mtu mwenye homa, na mbele yetu palikuwa na mto mtupu, mpana, wa rangi ya majivu.

Rubani alikuwa Wilma Huhtala, mimi fundi wake. Alikata mafuta, akairudisha ndege chini kwenye kipande cha nchi kavu kilichobaki. Tukadunda mara tatu, tukasimama hatua sita kutoka majini.

"Pruett," akasema bila kugeuka, "umelala huko nyuma?"

"Nimeamka sasa hivi, mama."

"Vizuri. Shuka ukaniambie injini yangu ina nini."

Ilikuwa Julai ya mwaka 1968, Alaska, katikati ya Mto Kestna. Tulikuwa tumewapelekea wachimba dhahabu barua na unga, wakaja na boti yao kuchukua, wakarudi zao bondeni, na mvua ikatufunga siku mbili juu ya kile kisiwa cha changarawe. Asubuhi hiyo mvua ilikatika na jua likatoka. Mtu mgeni angefurahi. Lakini mto ule hulishwa na barafu ya milimani, na jua likiwaka barafu huyeyuka, na kufika alasiri maji yanapanda bila tone la mvua. Ni maji ambayo mtu akitumbukia hamalizi dakika tano. Wilma alichomeka kijiti ukingoni.

"Tukiangalie hiki," akasema. "Kikienda, na sisi twende."

Ndege yenyewe ilikuwa ya turubai, ya viti viwili, umri wake miaka ishirini na saba. Injini yake ya silinda nne haikuwa na betri. Cheche zilitoka kwenye magneto mbili, vinu vidogo vya umeme vinavyozungushwa na injini yenyewe, kila magneto na plagi zake nne, kwa hiyo kila silinda ilikuwa na plagi mbili. Ni kama figo: moja ikifa unaishi na ya pili.

Nilizungusha propela kwa mkono, injini ikawaka kwa kusuasua. Wilma akaweka swichi kwenye magneto ya kushoto. Injini ikafa papo hapo.

"Imekunywa mvua," nikasema. Niliifungua kifuniko, na kweli, ndani palikuwa na jasho kama dirisha la jikoni.

"Figo moja hiyo. Haya, ya kulia."

Kwa ya kulia iliwaka, lakini ilichechemea. Tukaiacha dakika moja, tukazima, nami nikazunguka kwenye mabomba ya moshi nikiyatemea mate. La kwanza likasema tsss. La pili, tsss. La nne, tsss. La tatu mate yalitiririka tu.

"Ya tatu ni baridi," nikasema.

"Plagi?"

"Nimezisafisha mwenyewe leo asubuhi."

"Sijakuuliza nani kazisafisha. Nimekuuliza, ni nzima?"

"Nzima," nikasema.

Huo ulikuwa uongo.

Mafundi wa ndege wa kule wana sheria moja hawaiandiki popote: plagi ikidondoka, imekufa. Hata iwe imetoka kwenye boksi sasa hivi, unaitupa mtoni. Wiki moja nyuma nilidondosha moja mbele ya wachimbaji, Wilma akanipa jina la Bwana Ponyoka, na siku nne nzima sikunywa kahawa bila mtu kuniuliza kama kikombe nimekishika vizuri. Asubuhi hii, yeye akiwa anakunja hema, nyingine ikaniponyoka ikagonga jiwe. Niliigeuza juani sikuona ufa. Nikaipangusa kwenye suruali, nikaifunga kwenye silinda ya tatu, upande wa kulia. Tulipojaribu injini kabla ya kuruka ilikwaruza kidogo, Wilma akakunja uso, akasema labda bado haijapata joto. Nami nikanyamaza.

"Itoe tuione," akasema.

Niliifungua, nikaiunganisha na waya wake, nikailaza juu ya silinda. Propela ilipozunguka, cheche ikaruka, nzuri, ya buluu.

"Waya mzima, plagi nzima," Wilma akasema.

Plagi yenye ufa ni mnafiki. Nje, hewani, inakuonyesha cheche ya kupendeza. Ifunge ndani ya silinda, ibanwe na mgandamizo, moto wote unapotelea kwenye ufa. Nililijua hilo. Nikairudisha palepale, nikaikaza.

Tukazungusha propela polepole kupima mgandamizo. Silinda zote nne zilisukuma mkono sawasawa. Tukatazama mafuta, safi.

"Basi ni ndani ya magneto," akasema, "na huko sifiki kwa bisibisi ya mfukoni."

Tukageuka kutazama kijiti. Hakikuwepo. Maji yalikuwa yameshafika kwenye mawe meupe tulipopikia chai, na kisiwa chote kilikuwa kinatoa mlio mdogo, kokoto zikisukumana chini.

Wilma alivua koti lake la manyoya akaniwekea mabegani. Akanipa kiberiti, na nusu mkate.

"Sikiliza. Silinda tatu haziwezi kubeba watu wawili. Mmoja, labda. Nikifika nyumbani, Eino atapiga redio, watakuja na boti."

"Saa ngapi?"

"Kesho asubuhi."

Sote wawili tuliutazama mto. Kesho asubuhi pale pangekuwa mto tu, toka ukingo hadi ukingo.

"Ungejua kurusha, ningekuachia wewe kiti," akasema. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Lakini hujui, na mtu wa pili kufa haimsaidii wa kwanza."

Hakuwa anaigiza. Alishaanza kutupa mizigo nje ili ndege iwe nyepesi. Nilitaka kusema ukweli. Niliogopa maji, na, Mungu anisamehe, niliogopa ulimi wake karibu sawasawa. Pia niliwaza: nikimwambia, ana sababu gani tena ya kunichukua?

"Mama Wilma. Ile plagi niliidondosha."

Akasimama na hema mkononi. "Wapi?"

"Kwenye jiwe."

"Ikalia?"

"Ikalia ting."

"Ikalia ting. Na wewe ukaniangalia usoni, maji yanakuja, ukaniambia nzima."

"Ndiyo, mama."

"Kisa?"

"Bwana Ponyoka."

Alicheka, kicheko kifupi kibaya. "Ungekufa kwa ajili ya jina! Mimi ningepona, we mjinga, nawe ungekufa kwa ajili ya jina. Lete spana."

Plagi za magneto iliyokufa zilikuwa nzima, hazina kazi. Nilitoa ya silinda ya tatu upande wa kushoto, naye alikinga viganja vyake vyote viwili chini ya vyangu, kama mtu anayekinga maji ya kumnywesha mtoto, mpaka ikaingia upande wa kulia na kukazwa. Ile yenye ufa aliikaza kwenye tundu lililobaki wazi upande wa kushoto, iwe kizibo tu; kuitupa mtoni kungengoja.

"Zungusha. Na usiteleze, propela haina huruma."

Maji yalikuwa yananifika vifundoni, mawe yanahama chini ya buti. Nilivuta mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikawaka, silinda zote nne, mlio mmoja laini. Halafu ndege ikaanza kwenda.

Ilinipita. Niliona mkia ukizunguka, nikaona kisogo cha Wilma kwenye kioo, nikajua ananiacha. Nikaukimbilia mkia nikipiga kelele ambazo hata mimi sikuzisikia.

Alikuwa anaigeuza tu, apate urefu wote wa kisiwa. Mlango ukafunguka.

"Unangoja kubembelezwa?"

Tulikimbia kwenye changarawe na madimbwi, maji yakipiga tumbo la ndege kama mawe. Mara mbili iliinuka ikarudi. Mara ya tatu haikurudi. Njia nzima sikuondoa macho kwenye injini.

Wachimbaji walipita na boti siku ya pili, wakasema kisiwa hakipo. Magneto ya kushoto tuliikausha kwenye oveni ya Eino, ikafanya kazi. Wilma alirusha miaka kumi na moja zaidi, akafa kwa moyo mwaka 1983. Kisa hiki hakumsimulia mtu, hata mumewe. Eino alifuata majira ya baridi ya mwaka ule ule. Ndege ilinunuliwa na daktari wa meno, ikaungua ikiwa ndani ya banda. Mimi nilifanya kazi kwa Wilma mpaka Septemba, nikaaga, nikaenda Yukon, kisha kwenye meli za samaki, kisha kwingine. Sasa naishi Idaho, nyumbani kwa mpwa wangu, na wa kukisimulia kisa hiki nimebaki mimi tu.