Sifuri ya Siku ya Ishirini na Nane

Kwenye karatasi ya alama iliyobandikwa mlangoni mwa maabara, Barwaqo alikuwa na kumi na saba kati ya ishirini kwenye majaribio ya darasani, na hamsini na nane kati ya sabini kwenye mtihani. Kwenye safu ya maabara, sifuri. Sheria ya somo wote waliijua: bila alama za maabara umeanguka, hata uwe umewashinda wote.

Kurudia ni kungoja mwaka mzima, na ufadhili wa kaunti haumngoji mtu. Maana yake ni kufunga virago.

Ndani, Kulow, fundi wa maabara, alikuwa akipangusa vumbi kwenye mashine ya kuponda zege.

"Kulow, mchemraba wangu wa zege niliumwaga kwa mikono yangu. Ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Wallahi ni kweli, abaayo, dada yangu. Lakini siku ya ishirini na nane, ya kupima nguvu yake, ilifika, wewe hauko. Zege haingoji mtu. Tulibonda, na jina yako haikuwa kwa rejista."

Siku hiyo alikuwa amekwama Habaswein. Alikuwa akirudi kutoka Hadado, alikoenda kumzika nyanya yake, basi likazuiwa siku mbili likingoja askari wa kulisindikiza. Barua ya chifu alimtumia mhadhiri. Hakujibiwa.

Kulow alimhurumia, akampigia mhadhiri simu na kuiweka mezani, sauti juu. Mhadhiri alikuwa Nairobi. Muhula mzima alikuwa Nairobi. Masomo yalikuja kwa WhatsApp, na Kulow ndiye aliyeshika chaki.

"Nikikusamehe wewe, kesho kila mtu atakuwa na matanga," mhadhiri alisema. "Mhandisi lazima awepo kazini."

"Daktari, barabara ilifungwa. Ni mambo ya usalama."

"Ungepanga safari yako mapema."

Kana kwamba kifo hupangiwa tarehe.

"Na si wewe ndiye kiongozi wa darasa?" sauti iliendelea. "Kulow ana fomu yangu ya mahudhurio. Nitilie sahihi wiki zote kumi na nne. Bila hiyo idara haipokei alama za mtu yeyote."

"Lakini Daktari, wewe hukuja hata siku moja."

"Binti, mimi nina watoto. Hali ya usalama huko unaijua."

Simu ilikatika. Kulow aliisukuma fomu mbele ya Barwaqo bila kumtazama usoni. Nje, wenzake thelathini walikuwa wakipigana picha mbele ya ile karatasi, na Nimo, aliyekaa naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, alikuwa akimpigia mama yake simu huku akicheka. Wale hawakuwa na kosa. Barwaqo alikasirika, akaogopa, na zaidi ya yote akachoka.

Akashika kalamu, akashuka nayo mstari kwa mstari akitia sahihi.

"Wiki ya sita umeruka, abaayo," Kulow alisema polepole.

Barwaqo alirudi juu kwenye mstari wa sita, akathibitisha kwamba mhadhiri alikuwepo.