Mtoto wa Jumatano

Bakuli la kwanza lilipasuka asubuhi, nami nikamwita Akua kabla hata sijaliinua.

"Akua! Wee Akua! Hebu njoo hapa!"

Akaja mbio, mikono bado ina povu la vyombo. Nikamwonyesha ufa. Ulikuwa mwembamba, umeanzia mdomoni mwa bakuli ukateremka hadi tumboni.

"Sijaligusa, Nana."

"Nani kaligusa, mimi? Nijipasulie mwenyewe?"

"Sijui, Nana."

"Hujui! Kila siku wewe hujui, na vitu humu ndani vinavunjika tu."

Huyo ni mjukuu wangu, ana miaka tisa, na alizaliwa Jumatano. Kwetu Waashanti mtu hupewa jina la siku yake, na siku humpa tabia pamoja na jina. Watu wa Jumatano ni watundu, wana vichwa vigumu na mikono isiyotulia. Hayo nimeyasikia tangu niko mgongoni mwa mama. Binamu yake Adwoa, ambaye ninamlea nyumba hiyohiyo, ni wa Jumatatu: mpole, ukimtuma anakwenda, ukimwambia nyamaza ananyamaza. Mimi Pokuaa nimefinyanga vyungu miaka arobaini na nimekula chumvi nyingi. Sikuhitaji mtu wa kunipigia ramli.

Nilikuwa na mabakuli sitini ya kusagia pilipili, yameagizwa na mama mmoja wa mgahawa pale Kumasi, yako kibandani yanakauka kivulini kabla ya kuchomwa. Nikamwambia Akua mbele ya mwenzake, asikie vizuri: "Likipasuka jingine, unakwenda Obuasi kwa mjomba wako Baffour."

Mwanangu Baffour ni mtu wa kanisa na mtu wa fimbo. Kwake watoto hula kimya na hawachezi nje. Mtoto akipelekwa kule haendi kutembea, anakwenda kunyooshwa.

Siku mbili zikapita, yakapasuka matatu.

Jirani yangu Konadu, mfinyanzi mwenzangu, alichungulia juu ya ua. Huyo hakosi neno. "Shoga yangu, na ule mtungi wako wa maji mwaka jana, si aliuvunja huyohuyo?"

"Nani mwingine?"

"Basi mpeleke. Jumatano ikishaota mizizi huing'oi."

Lakini mimi si mtu wa kuhukumu bila ushahidi, au ndivyo nilivyojidanganya. Nilichota majivu jikoni, nikayapepeta sakafuni kibandani, membamba kama unga, halafu nikafunga mlango na kwenda sokoni. Njia nzima nilikuwa nikimwaza Akua. Nilikumbuka jinsi alivyokaa kimya wakati wa chakula, nikasema moyoni: anapanga. Nikakumbuka jinsi alivyocheka juzi, nikasema: ananicheka mimi. Hata alipoosha vyombo bila kutumwa, nilijua ana lake jambo.

Niliporudi, nyayo zilikuwa pale. Ndogo, za miguu mitupu, zimezunguka mabakuli yote. Nikamwita, nikaupima mguu wake juu ya ule wayo. Ukaingia barabara.

"Haya! Sema sasa. Ulifuata nini humu?"

"Niliingia kuyaangalia, Nana."

"Kuyaangalia! Ni watoto wako?"

"Nilitaka kujua kama nimeyapasua."

Nikashika kiuno. Ala! Jibu gani hilo? Mtu hajui alichofanya kwa mikono yake mwenyewe? Nikamwona mwerevu kupita kiasi, nikazidi kuchemka.

"Akua, niangalie. Ni wewe au si wewe?"

Akaniangalia muda mrefu. Machozi yalikuwa karibu, ila hayakumwagika. "Labda ni mimi," akasema.

"Hakuna labda!"

"Ni mimi, Nana."

Kesho yake nilimpeleka Obuasi. Niliporudi nyumbani nilipika fufu nikala hadi mwisho, nikalala usingizi mtamu. Sioni sababu ya kulificha hilo.

Asubuhi ya tatu nikaingia kibandani. Mabakuli mengine matano yalikuwa na nyufa.

Mwanzoni sikumfikiria mtoto hata kidogo. Nilimfikiria Konadu. Si yeye aliyekuwa akichungulia ua wangu? Si yeye aliyenishauri nimwondoe msichana? Na yule mama wa mgahawa alikuwa mteja wake kabla ya kuja kwangu! Damu ikanipanda kichwani. Nikajifunga kanga yangu vizuri, nikaenda uani kwake bila hodi.

"Konadu, mchawi wewe, toka nje!"

Akatoka na udongo hadi viwikoni. "Mchawi mimi? Wewe ndiye unayenivunjia, na unakuja kunitukana nyumbani kwangu!"

"Nikuvunjie nini?"

Akafunua gunia. Mabakuli yake kumi na mbili yalikuwa yamepangwa pale, kila moja na ufa wake, umeanzia mdomoni ukateremka tumboni.

Tukatazamana kama majogoo. Kisha yeye akaokota kipande, akakivunja kwa vidole, akakinusa, akanipa. Ndani ya udongo mlikuwa na chembe nyeupe za changarawe, ndogo kuliko mbegu za ufuta. Masika yalikuwa yamejaza maji shimo letu la zamani, na wote wawili tulikuwa tunachimba kwenye shimo jipya ng'ambo ya kijito. Mwanafunzi wa wiki moja angekiona kile kitu. Mimi, mwenye miaka arobaini ya kazi, sikuwa nimekivunja kipande hata kimoja nikitazame. Nilikuwa ninatazama miguu ya mtoto.

Nilirudi nyumbani na kile kipande mkononi. Adwoa alikuwa anafagia.

"Adwoa," nikasema, na hata sijui kwa nini nilimuuliza, "ule mtungi wa maji wa mwaka jana. Nani aliuvunja?"

"Mimi, Nana."

Aliendelea kufagia.

"Na mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulimwita Akua."

Sikumpiga. Ningempiga kwa lipi? Nilitafuta viatu vyangu, nikapanda gari la Obuasi mchana uleule, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia. Ningemwambia ni udongo. Ningemwambia bibi yako ni mjinga. Angeruka, angenirukia shingoni, tungerudi.

Baffour alinipokea mlangoni anatabasamu. "Mama, mbona ulinitisha bure? Huyu hana shida kabisa. Kisu kilipotea juzi, akakiri mwenyewe kwamba ni yeye. Kumbe mke wangu alikisahau kwenye kapu lake la soko! Glasi ikavunjika, akakiri hiyo pia. Fimbo sijaigusa."

"Glasi aliivunja nani?"

Baffour akakuna kichwa. "Nadhani ni paka."

Akua alikuwa amekaa kwenye benchi ukumbini, mikono yake ameikalia. Aliponiona aliinuka, akanisalimu kwa heshima, akaketi tena juu ya mikono yake.

"Mikono ina nini, mama?" nikamuuliza.

"Nikiikalia haiharibu kitu."

Nikapiga magoti mbele yake, mimi mzee mzima, nikamshika mabega. "Nisikilize, mjukuu wangu. Si wewe. Ni udongo, ule wa shimo jipya, una changarawe. Udongo huo ndio uliopasua ya kwangu na ya Konadu, na uliendelea kuyapasua wewe ukiwa huku. Hukufanya kitu. Umesikia? Nilikuonea. Nisamehe."

Alinisikiliza kwa makini, kama anavyosikilizwa mwalimu. Nikangoja uso wake ufunguke. Haukufunguka. Nikamwona anawaza, anarudi nyuma, anatafuta.

"Ule wa ng'ambo ya kijito?"

"Ndiyo, huo huo."

"Nana, siku ile shimo la zamani lilipojaa maji, uliniuliza tuchimbe wapi. Mimi ndiye niliyekuonyesha mahali."

"Akua, hapana..."

"Basi ni mimi," akasema, bila kubisha, bila kulia, kwa upole uleule niliomgombeza miaka tisa ili aupate.

Nilimkumbatia nikalia kwa sauti, mbele ya mwanangu na mkewe. Yeye hakunikumbatia. Mikono yake ilibaki chini ya mapaja, na mdomo wake sikioni mwangu ulikuwa unaniambia pole, Nana, sitarudia tena.