Duara Kwenye Bamba

Tik. Hakujapambazuka bado, naenda jikoni kuwasha moto, na mguu wangu mpya wa bandia unalia tik kila nikiukanyagia. Maumivu yalinipanda hadi nyongani. Nilijaribu kutembea taratibu binti yangu asisikie, lakini alisikia.

"Mama, mguu huo si wako," alisema kutoka kitandani. "Wamekupa wa mtu."

"Walinipima mimi."

"Walikupima wewe, wakampa nani?"

Binti yangu alikuwa amepata kazi ya uuguzi mji wa mbali, aanze Jumatatu, naye alishasema haondoki mpaka anione nikienda bombani na kurudi bila kushikwa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na mimi nilikuwa sijawahi kupita nusu ya njia.

Tukaenda karakana ya miguu. Fundi wa pale ni mtu wa taratibu. Kabla hajanigusa kigutu husugua viganja vyake kwanza vipate joto, na hakuna aliyemwagiza. Siku hiyo pia alivisugua, ila hakunitazama usoni.

"Umevimba, bibi," alisema. "Nilishakuambia wiki iliyopita, punguza chumvi."

"Chumvi gani inavimbisha pande mbili tu?"

Nilimwonyesha. Kulia na kushoto ngozi ilikuwa nyekundu. Mbele na nyuma, nikiwa nimeuvaa mguu, kidole kilipita bila shida.

"Fundi, sema kweli," binti yangu akaingilia. "Mguu wa mama yangu kauvaa nani?"

"Dada, mimi siuzi miguu ya watu!"

Aliinuka kana kwamba anatafuta kitu. Alipopita ukutani aliligeuza bamba moja la plastiki, ile karatasi iliyobandikwa juu yake ikaangalia ukuta. Mimi nimeshona nguo miaka arobaini. Mteja anayeficha doa namjua kabla hajaketi.

"Umeficha nini hapo, mwanangu?"

Ikabidi aeleze. Kikombe kinachoshika kigutu hutokana na bamba kama lile. Hulipasha tanurini mpaka lilegee kama kitambaa kilicholowa, kisha hulivika juu ya mfano wa kigutu uliotengenezwa kwa plasta. Mabamba yake ya siku zote hunywea sawasawa kila upande, kwa urefu, kwa upana, hata mshazari. Kwa hiyo huyaingiza tanurini vyovyote vile, hana haja ya kuuliza upande. Haya mapya yaliletwa mwezi uliopita, rangi ileile, unene uleule.

"Na karatasi inasemaje?"

"Inasema ni yaleyale."

"Sasa mbona umeigeuza?"

Mimi nikawaza kitambaa. Ukikivuta kwa urefu kinakukatalia; ukikivuta mshazari kinakufuata mpaka mlangoni.

"Lete kikombe cha chai na kalamu," nikamwambia.

Kalamu sikumwachia. Nilikizungusha kikombe mwenyewe, nikachora duara kwenye kipande cha bamba jipya, na jingine kwenye kipande cha zamani tulichokiokota chini ya meza. Vikaingia tanurini. Binti yangu alisimama mlangoni pa tanuri, mikono kifuani, macho hayapepesi.

"Dada, utaungua," fundi alisema.

"Bora niungue kuliko vibadilishwe."

Vilipotoka, duara la zamani lilikuwa limepungua kidogo, lakini duara. Lile jingine lilikuwa yai, limebanwa pande mbili kama kigutu changu.

Fundi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Wenzako watatu wamekuja kulalamika, bibi. Wote niliwaambia wamevimba. Alipokuja wa pili nilishaanza kushuku, lakini niliogopa kupima."

"Na sisi siku zote unatushauri kupunguza chumvi!" binti yangu akafoka. "Wiki nzima mama anakula chakula hakina ladha, kumbe mgonjwa ni bamba!"

Nilitaka kukasirika nami. Badala yake nikamwomba fundi maji ya kunywa, ili apate la kufanya.

Bamba la zamani lilikuwa limebaki moja. Ijumaa alinitengenezea kikombe kingine, na kabla ya kulipasha bamba zima alichora duara kwenye kipande chake, akakipasha kwanza, akaniita nilikague. Nililikagua mara mbili, huku na huku, kwa uzi.

Jumamosi nilivaa mguu. Binti yangu alipitisha kidole ukingoni kote, bado hajaamini. Kisha nikatoka hadi bomba la uani pale karakana, umbali unaoshinda ule wa nyumbani hadi bomba letu, nikajaza kopo, nikarudi nalo. Yeye alinifuata nyuma, mikono ameificha mgongoni ili isinishike.

"Sasa kafunge mizigo yako," nilimwambia.

Aliinama akanifunga kamba ya kiatu, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri, akakaa pale chini kitambo.

Fundi alitusindikiza hadi getini. Alilishika geti, hakulifungua.

"Bibi, wale watatu nimewaita waje Jumatatu. Nataka kuwaambia kosa ni langu, na watakuwa na hasira, haki yao. Njoo tena siku hiyo. Uketi nami tu."