Mtani wa Mama Davis

Katoro nzima hakukuwa na mtu wa kumwingiza mjini Apolonia, mama yake Davis. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu wa miaka mingi, na shaba iliyopakwa rangi aliijua kabla haijatoka mfukoni mwa mwenyewe. Wanunuzi wenzake wakitilia shaka kipande walisema, mpelekeeni Mama Davis. Mtu wa namna hiyo leo yumo ndani ya basi la kwenda Tinde, anatafuta maneno ya kumwambia mdogo wake kwamba wametapeliwa, na hayapati. Amechoka hata kukasirika.

Akili nyingi huondoa maarifa, na za Apolonia zilikuwa nyingi. Akida alimjia msibani, mumewe alipofariki. Alikuwa Mzaramo, mtani wa Wasukuma, na mtani akija msibani haulizwi katoka wapi. Alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akatembea uani kwa ule mwendo wa marehemu wa kuvuta mguu, huku akiwadai waombolezaji nauli ya kurudi alikotoka. Apolonia, ambaye chakula kilikuwa hakimpiti kooni, alicheka mpaka akapata kulia vizuri. Tangu siku hiyo Akida akawa mtu wa nyumbani.

Baadaye akaleta habari za marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado umebaki na dhahabu. Alisema ana lundo upande wa Chato, anatafuta wa kushirikiana naye kulichenjua. Apolonia hakukurupuka. Alikwenda mwenyewe, akachota mchanga alipotaka yeye, siyo alipoonyeshwa, akaupima kwa mikono yake. Dhahabu ilikuwemo, tena ya kutosha. Ndipo akaomba hati za lundo.

"Hati?" Akida aliangua kicheko mbele za watu, dukani kwa Apolonia. "Wewe Msukuma umeanza lini kusoma? Mimi mwizi! Mtani wako mwizi mkubwa! Kimbia kafunge ng'ombe zako!"

Duka zima likacheka, na Apolonia naye akacheka. Kuuliza tena kungekuwa kununa, na anayemnunia mtani huonekana hana utu. Akatoa fedha. Kumbe lundo lilikuwa la watu wengine kabisa, Akida anajuana na mlinzi tu. Mama wa watu alipima mchanga, mwenye mchanga hakumpima, na Akida mwenyewe alikuwa ameshamwambia ukweli wote kwa mdomo wake. Hilo lilimuuma kuliko hasara.

Hasara yake angeimeza. Lakini Ritha, mdogo wake, aliuza ng'ombe waliowekwa kwa ajili ya mahari ya mwanawe Abel, akatia fedha kwenye lundo hilo kwa sababu tu dada yake ameingia. "Una hakika, dada?" aliuliza kwenye simu. "Mimi nidanganywe?" alijibu Apolonia. Jibu hilo ndilo lililouza ng'ombe, siyo Akida.

Alipofika Tinde alikuta uani kumejaa majirani na kuku wameshachinjwa.

"Shikamoo, mama mkubwa," Abel alimpokea mkoba.

"Marahaba, mwanangu." Alishindwa kumtazama.

"Dada, hawa nao wanataka kuingia," Ritha alisema kwa furaha, wakiwa wamekwisha kukaa. "Nimewaambia wakusikie wewe mwenyewe."

Apolonia aliweka kikombe chini. Safari nzima alikuwa akitafuta pa kuanzia, sasa akaona hakuna.

"Nimetapeliwa," alisema. "Akida ni mwizi."

Uani kukalipuka kicheko. Mzee Bujiku, jirani yao, akajipiga paja. "Huyo mtani wako kakuambukiza! Mwizi wa kumwibia Mama Davis hajazaliwa!"

"Nasema kweli, baba. Lundo si lake. Simu yake haipatikani. Ng'ombe wa Abel wamekwenda."

Wakacheka zaidi, Ritha akijifuta machozi kwa ncha ya kanga na kusema dada yake siku hizi naye amekuwa Mzaramo. Apolonia alifungua kinywa aseme mara ya tatu, akakosa nguvu. Miaka yote aliyojijengea jina la kutodanganyika, leo jina hilo hilo linamziba mdomo. Akainamisha kichwa, akabaki kutazama mikono yake.

Abel, aliyekuwa akipita na sinia la wali, ndiye wa kwanza kuacha kucheka. Akaliweka sinia chini.

"Mama," akamwambia Ritha taratibu, "mama mkubwa hatanii."