Trevor wa Hollenby

Ligi yetu ilikuwa ya mwisho. Sisemi hivyo kwa kujishusha; chini yake hapakuwa na kitu ila mashamba ya kondoo. Zamani baba zetu walicheza raga kwa kualikana tu. Mtu wa kijiji chetu cha Hollenby akikutana na mtu wa Scarrowdale mnadani, wanapatana, Jumamosi watu wanaumizana, jioni wanakunywa bia pamoja, basi. Hakuna aliyejua nani yuko juu ya nani. Kisha wakubwa wa raga huko kusini wakaona timu za nchi nzima zipangwe kama ngazi, nasi watu wa mabonde ya kaskazini mwa Uingereza tukajikuta kwenye kipago cha chini kabisa. Kila baada ya misimu michache walikibadilisha jina kipago hicho. Mara tukaitwa Mabonde Mashariki, mara Kaskazini B, mara Kaskazini C, na hiyo C ilituuma kidogo. Lakini tope lilikuwa lilelile na waliotupiga walikuwa walewale.

Shida yetu kubwa ilikuwa watu. Vijana walikwenda Manchester kusoma wakarudi na wachumba wasiotaka kusikia habari za kondoo. Timu jirani zilikufa moja baada ya nyingine. Msimu ninaousimulia, sisi Hollenby tulikuwa tumeshindwa kufika uwanjani mara mbili, na katibu wa ligi akanipigia simu mimi, Malcolm Relph, nahodha, akaniambia kwa upole wa mtu anayetoa taarifa ya msiba kwamba tukikosa tena tunafutwa. Mechi iliyofuata ilikuwa kwa Scarrowdale, mahasimu wetu, ng'ambo ya mlima.

Alhamisi yake Gordon akaanguka kutoka paa la zizi la ng'ombe, akavunjika mtulinga.

Gordon alikuwa mtu wetu wa mstari wa mbele. Asiyejua raga aelewe hivi: kwenye skramu, wanaume wanane wanakumbatiana, wanainama, wanagongana vichwa na wanane wa upande wa pili, kisha wanasukumana kama mafahali. Wale watatu wa mbele ndio wanaobeba uzito wote, na sheria haimruhusu asiyezoea kusimama pale, kwa sababu shingo ni moja tu. Mbali na wenzake wawili wa Gordon, katika bonde letu lote alibaki mtu mmoja aliyeijua kazi hiyo na aliyekuwa bado anatembea bila mkongojo. Naye alikuwa Desmond Fearon, mfugaji, umri hamsini na sita, shingo kama kisiki.

Tatizo la Desmond halikuwa umri. Lilikuwa mke wake, Hilda.

Mara ya mwisho Desmond alipocheza, alirudi nyumbani, akajilaza kwenye beseni la kuogea, na mgongo ukakataa kuinuka. Hilda alivuta, akashindwa. Akawaita majirani. Majirani wakashindwa, wakamwita kasisi, ambaye alikuwa kijana mwenye nguvu. Hivyo Desmond alitolewa majini kama alivyozaliwa, na kasisi kashika kwapa. Jumapili iliyofuata hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kumtazama mwenzake kanisani. Tangu siku hiyo raga ikawa haramu katika nyumba ile.

Nilimkuta akiwalisha kondoo.

"Hapana," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Sijasema kitu, mzee."

"Nimesikia habari za Gordon. Hapana. Unamjua Hilda."

"Tukikosa mtu tunafutwa."

Kondoo wakamzunguka, wakamkanyaga miguu, naye hakuwaona. Baba yake alikuwa mmoja wa waliopiga majembe kusawazisha uwanja wetu, na bado haujasawazika.

"Jumamosi Hilda huenda kwa dada yake mgonjwa, Kendal," akasema polepole. "Naweza kusema naenda kuangalia kondoo dume."

"Kondoo dume wa wapi?"

"Wa mbali," akasema.

Jumamosi tukavuka mlima kwa magari manne, mvua ikipiga ya pembeni. Desmond alikuwa mchangamfu njia nzima, akisimulia skramu za zamani na watu waliokwisha kufa. Tulipoingia uwanja wa Scarrowdale akashuka, akanyoosha mgongo, kisha akanusa hewa. Nikaona uso wake unapauka.

"Malcolm," akasema, "ule ni mchuzi wa nyumbani kwangu."

Nikamwambia mchuzi wa kondoo na viazi unanukia vilevile kila mahali kwetu.

"Huo una pilipili manga nyingi. Hilda yuko humu."

Alikuwa humo kweli. Nilichungulia dirisha la jikoni nikamwona, mikono ya gauni imekunjwa, anakoroga sufuria. Aliyekuwa akipika siku zote pale alikuwa ameteguka kifundo, na Norman, mwenyekiti wa Scarrowdale, akamwita dada yake Hilda aje kusaidia. Maana Hilda alikuwa mtoto wa huko. Baba yake ndiye aliyeianzisha Scarrowdale, na Norman huyo ni kaka yake wa tumbo moja. Siku Hilda alipoolewa na mtu wa Hollenby, baba yake alikwenda kanisani amevaa tai ya timu, nyeusi.

Desmond akataka kurudi kwenye gari. Tulimzuia watatu. Mwisho tukamzungushia bendeji kichwani mpaka kwenye nyusi, tukampaka tope usoni kabla ya mechi hata kuanza, na refa alipokuja kukagua viatu nikamwambia huyu ni Trevor, mgeni kutoka Barrow.

"Karibu, Trevor," refa akasema. Alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa adabu.

Trevor hakujibu, kwa kuwa hakukumbuka kwamba ni yeye. Refa akadhani mtu yule ni kiziwi. Tangu hapo kila alipomwamrisha jambo alimsogelea, akapaza sauti na kufanya ishara kwa mikono, na watu wa Scarrowdale wakatuonea huruma kwamba tumefikia kuleta mgonjwa.

Skramu ya kwanza. Nilikuwa pembeni na mpira mkononi, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Upande wa pili, uso kwa uso na Desmond, alikuwa Norman mwenyewe. Nao pia walikuwa wameishiwa watu, na mwenyekiti kavua koti akaingia. Vichwa vikagongana, mashavu yakakutana.

"Nakujua wewe," Norman akasema kutoka humo chini.

"Mimi Trevor," Desmond akajibu kwa sauti nyembamba.

"Trevor gani ananuka josho la kondoo? Shemeji, dada yangu anajua uko hapa?"

Nikasikia Norman anacheka, kicheko cha mtu aliyeinama, kinachotokea puani.

"Basi sikiliza. Ukinisukuma hata kidogo, nampigia Hilda kelele. Twende taratibu, wewe unarudi nyuma, mimi nakuja. Kama tunacheza dansi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila skramu tulirudi nyuma. Wenzangu hawakujua kwa nini. Mimi niliyeyasikia hayo maneno nilidhani ni utani wa mashemeji tu. Huyu tuliyemtegemea kama ukuta alikuwa anafunguka kama mlango. Vijana wakaanza kunung'unika.

"Mzee, unasukuma kama unaaga," Colin, aliyekuwa nyuma yake, akamwambia.

Kila Hilda alipotoka jikoni kumwaga maji, Desmond alitafuta rundo la watu la kujitupa chini yake. Mara moja hakukuwa na rundo. Akamkumbatia refa. Refa alimpigapiga mgongoni, akamwambia kwa ishara kwamba mambo yatakuwa mazuri.

Wakati wa mapumziko walikuwa wametutangulia kwa pointi sita. Nilimvuta Desmond kando, nyuma ya trekta, naye akaniambia kwamba haukuwa utani hata kidogo. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Tope lilikuwa limemkauka usoni, vipande vya machungwa ya mapumziko vimenata kwenye bendeji, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeaibishwa katika kitu pekee alichokijua vizuri maishani.

"Miaka yote ile," akasema, "Norman hajawahi kunisogeza hata unyayo. Leo ananitembeza kama mbuzi wa mnadani."

"Fanya utakavyoona, mzee. Mechi tunaicheza, hatufutwi. Kufungwa tumezoea."

"Nyie mmezoea," akasema.

Kipindi cha pili kilikwenda kwa shida, mvua ikazidi, hakuna aliyepata kitu. Karibu na mwisho Colin akaupiga mpira mbele, watu wao wakateleza, wakauangusha, na refa akatupatia skramu hatua chache tu kutoka mstari wao wa goli. Wakainama. Nikamwona Desmond anazichimbia njumu zake topeni.

"Taratibu, shemeji," Norman akasema.

"Mwite," Desmond akasema.

"Nini?"

"Mwite Hilda. Mimi nasukuma."

Akasukuma. Norman akainuka kutoka ardhini, miguu ikachezacheza hewani, na kutoka mle alimonasa akapiga ukelele uliofika jikoni: "Hilda! Njoo umwone mumeo!"

Skramu ikaanguka. Refa akapuliza. Mlango wa jikoni ukafunguka, Hilda akatoka na upawa mkononi, akaivuka kamba, akaingia uwanjani na viatu vyake vya nyumbani. Watu thelathini wazima, wengine wenye meno pungufu, wakampisha. Akasimama mbele ya Desmond, akaisukuma ile bendeji juu kwa ncha ya upawa.

"Huyu ndiye kondoo dume?"

Desmond akatazama chini.

"Mama, tafadhali, huruhusiwi kuingia," refa akasema.

"Mimi siingii, natoa. Desmond, twende nyumbani."

"Akitoka," refa akasema, "hawana mwingine wa mstari wa mbele. Nitaivunja mechi, na kwa kanuni za ligi hii itahesabiwa kwamba Hollenby hawakufika."

Mimi nikasema hiyo ingekuwa mara ya tatu. Nilisema kwa sauti ndogo, maana upawa ulikuwa karibu.

"Basi hiyo ni shida yenu," Norman akasema, anajifuta pua, na tabasamu lilikuwa limemjaa. "Mchukue, dada. Nilimwonya tangu mwanzo. Nilimwambia, ukinisukuma tu nakusemea. Alikaa vizuri mchana kutwa, sijui kimemwingia nini."

Hilda akageuka polepole.

"Ulimwambia nini?"

"Nilim... ulikuwa utani tu."

"Umenitumia mimi kumtisha mume wangu. Nimekiacha kitanda cha dada yetu anayeumwa, nimekuja kukupikia kwa hisani, na huku nyuma umenifanya fimbo yako." Alisema bila kupaza sauti, na ndiyo maana kila mtu alisikia. "Ulikuwa hivi hivi utotoni. Kila ulichoshindwa kwa mikono yako ulikwenda kusema kwa mama."

Watu wa Scarrowdale wenyewe wakaanza kutazama mawingu.

Hilda akamgeukia mumewe. Akamwangalia kutoka bendeji mpaka magoti, na mimi nilidhani sasa ndiyo mwisho wetu, Hollenby kwisha.

"Mgongo unauma?"

"Kidogo."

"Usidanganye mara ya pili leo."

"Unauma sana," Desmond akasema.

"Haya. Mimi na wewe tutazungumza nyumbani, na mazungumzo yatakuwa marefu. Ila kwanza msukume huyu mpaka nione viatu vyake nyuma ya mstari ule." Akarudi pembeni ya uwanja, akasimama kwenye mvua, mikono kifuani.

Refa hakujua kanuni gani inahusika. Akaamuru skramu irudiwe.

Nimeshuhudia raga nyingi, lakini sijaona mtu akirudishwa nyuma kama Norman alivyorudishwa. Alikwenda kama kabati linalosukumwa na watu wanaohama nyumba. Skramu nzima ikavuka mstari, ikabomoka, mpira ukachomoka miguuni mwa watu, ukabingirika mpaka mbele ya Desmond aliyekuwa kwa magoti na mikono. Akaukodolea macho. Katika maisha yake yote ya kucheza hajawahi kufunga trai, yaani kuulaza mpira nyuma ya mstari wa goli kwa pointi tano. Watu wa mstari wa mbele hawafungi, wao huchimba tu. Colin akamwambia, "Mzee, ulalie." Akaulalia, akaukumbatia, akakataa kuuachia hata refa alipokwisha kuinua mkono.

Ilibaki mimi nipige teke la nyongeza la pointi mbili, mpira upite kati ya milingoti, tushinde. Nikapiga. Ukaenda kwa kondoo. Tukashindwa kwa pointi moja, na mpaka leo kuna nyumba mbili Hollenby ambazo siingii bila kukumbushwa.

Klabuni Hilda aliwapakulia watu wote yeye mwenyewe, mchuzi na kabichi nyekundu ya siki. Norman alipata viazi. Alipouliza nyama iko wapi, aliambiwa imekwenda kumwangalia kondoo dume. Desmond alikula amesimama, kwa kuwa hakuthubutu kukaa, na alipewa sahani mbili, ingawa Hilda hakumwambia neno lolote mpaka walipofika nyumbani. Aliyoyasikia huko hajayasema kwa mtu. Nilichokiona ni kwamba Jumamosi iliyofuata alikuja mazoezini mchana kweupe, amevaa mshipi wa mgongo ulioshonwa kwa mkono, na Hilda ndiye aliyemleta.

Hatukufutwa mwaka ule. Mwaka wa pili wakubwa wakabadilisha majina tena, wakatazama orodha ya wachezaji wa mabondeni, wakasema Hollenby na Scarrowdale haziwezi kuwa timu mbili, ziwe moja. Pande zote mbili watu walilia, kisha wakagombania rangi ya jezi miezi mizima. Kwenye mechi ya kwanza Desmond akawekwa upande mmoja wa mstari wa mbele na Norman upande wa pili, na katikati yao, kwa bahati mbaya, Colin, aliyekuwa amekwisha kufunzwa kazi hiyo.

"Unaniegemea, shemeji," Norman akalalamika kwenye skramu ya kwanza.

"Sikuegemei. Wewe ndiye unayerudi nyuma."

"Mimi sijawahi kurudi nyuma."

Refa wa siku hiyo, ambaye hakuwajua, aliwaomba wanyamaze ili mpira uweze kuingia.