Semina ya Pumziko

Mada ya semina ilikuwa "Pumziko la Mwanamke", na sisi tuliolihitaji pumziko hilo kuliko wote tulikuwa jikoni tangu alfajiri tukimenya vitunguu.

Jiko la kanisa letu liko nyuma ya ukumbi, chumba kirefu chenye dirisha moja. Juu ya dirisha hilo wazee wa kanisa walitufungia spika, ili wapishi nasi tubarikiwe. Wanajisifia spika hiyo mpaka leo. Wapishi hatuingii ukumbini, lakini daftari la mahudhurio huletwa jikoni tusaini kwa mikono ya mafuta, ili ripoti ionyeshe kwamba tulihudhuria. Kwa hiyo siku ile, kwa mujibu wa daftari, mimi na wenzangu saba tulipumzika.

"Mwanamke wa Mungu," mnenaji mgeni alikuwa akisema kwenye spika, kwa sauti laini ya mtu aliyelala vizuri, "mara ya mwisho kulala mchana ilikuwa lini?"

"Nilipokuwa nanyonya," akajibu mwenzangu wa karai la kabichi, tukacheka wote isipokuwa Dada.

Dada ni mtoto wa kwanza nyumbani kwetu, mimi ni kitindamimba. Ni nesi wa wodi ya wazazi, na asubuhi ile alitoka zamu akaja moja kwa moja, akafunga aproni juu ya sare. Kanisani wanamwita Chuma. Jina hilo analipenda, na mimi linanichefua, kwa sababu kila akisifiwa nalo anaongezewa sufuria. Ikifika siku ya kuwahubiria akina mama, anatolewa mfano yeye, pamoja na yule mke mwema wa kwenye Maandiko anayeamka kabla hakujakucha na taa yake haizimiki. Nimeusoma ule mlango mwenyewe, tena kwa hasira. Yule mama alikuwa na wajakazi! Imeandikwa palepale, ila mhubiri akifika hapo anapata kikohozi.

Nilikuwa nachambua mchele nilipomwona Dada ameacha mwiko ndani ya nyama na ameshika ukuta kwa mikono miwili.

"Nini?"

"Kizunguzungu tu. Nimeinuka haraka."

"Hujainama, utainukaje?"

Nikamshika kiwiko, nikamtoa nje hadi kwenye bomba, nikamkalisha juu ya ndoo niliyoipindua. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho na alikuwa anakwepa mwanga. Nikamwambia sirudi ndani mpaka aseme. Akasema, akiwa anaangalia viatu vyake, kwamba kichwa kinamgonga tangu juzi, kwamba presha yake ilipimwa ikakutwa mia moja tisini kwa mia moja kumi na tano, kwamba daktari wa wodini kwao alimpa vidonge na karatasi ya kupumzika wiki mbili kitandani. Daktari alimwambia wazi kuwa akiendelea hivi ataanguka, na wengi wakianguka hivyo hawainuki, au wanainuka upande mmoja.

"Karatasi iko wapi?"

"Kwenye pochi."

"Na vidonge?"

"Navyo viko kwenye pochi. Vinalegeza mwili, mdogo wangu. Ningevimeza leo nisingeweza kusimama."

Jamani. Mtu anayewafokea wajawazito kila siku kwa kuacha dawa! Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia, nikakosa la kuanza nalo.

"Kwa nini umekuja?" nikamuuliza.

"Jina langu lilikuwa kwenye orodha."

Orodha niliiandika mimi. Mimi ndiye katibu wa akina mama, na nina tabia yangu: naanza na majina ya wasiokataa, ili nisihangaike kupiga simu. Jina la Dada naliweka la kwanza kila mara, bila kumuuliza. Nilipolisikia hilo hasira yangu yote, ile niliyokuwa nimewawekea wazee wa kanisa na spika yao, ilinigeukia mwenyewe, na sikupata pa kuificha.

Nikarudi jikoni kuchukua pochi yake. Mama Mwenyekiti alikuwa ameingia kufuatilia chai ya mnenaji. Nikamweleza kila kitu, na zile namba za presha nikamtajia.

"Ole wangu," akasema, na naamini alimhurumia. Kisha akaangalia saa. "Hebu amalizie nyama tu, hakuna anayeijua kama yeye. Kesho apumzike. Bwana atamtia nguvu."

"Bwana kashampa daktari."

"Usiniletee maneno ya kejeli. Si wewe mwenyewe uliyempanga?"

"Ndiyo, ni mimi. Na ni mimi ninayemtoa."

Nikazima gesi, majiko yote matatu. Wenzangu walinigeukia, visu mikononi. Wa karai la kabichi alifungua aproni yake, akaikunja taratibu, akaiweka juu ya meza, akasema anaenda kusikiliza semina aliyoisainia. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, huku wakijifuta mikono kwenye sketi.

Kando ya ofisi ya mchungaji kuna chumba cha wageni. Kilikuwa kimetandikwa mashuka meupe ili mnenaji ajinyooshe mchana. Nikampeleka Dada humo. Mama Mwenyekiti alitufuata akirudia, "Hicho kitanda cha mgeni, hicho kitanda cha mgeni," mpaka nilipomfungia mlango. Nikamvua Dada viatu, miguu ilikuwa imevimba, inabonyea kama unga uliokandwa. Nikatoa kidonge kwenye pochi, nikamimina maji, nikapiga simu wodini kwao. Daktari alisema kidonge hicho ameze na alale. Kichwa kisipotulia baada ya saa moja, au mdomo ukienda upande, nimkimbize hospitali, nisingoje mtu.

Saa moja, basi. Nikavuta kiti hadi mlangoni nikakaa, namtazama Dada midomo.

"Nani anageuza nyama?" akauliza.

"Hakuna."

"Wale watu mia mbili..."

"Angekuwa mgonjwa wako, anakuuliza habari za nyama, ungemfanyaje?"

Akafikiri. "Ningemtukana," akasema, na chozi likamteremka kuelekea sikioni. "Naogopa nikilala wataniona mvivu. Na Mungu naye."

Hapo sauti ilinipanda, wala sikujali ukumbini wakisikia. Nikamwambia yule nabii aliyekimbilia jangwani akaomba afe hakuambiwa inuka ukahubiri. Aliachwa alale. Alipoamka alikuta mkate umeokwa, akala, akalala tena, na Mungu hakumuuliza kitu. "Mara mbili, Dada! Na aliyepika hakuwa nabii. Alikuwa malaika. Wewe ni nani mpaka umzidi nabii?"

Mlango ukagongwa. Nilifungua upenyo wa kutosha pua yangu. Alikuwa Mchungaji, koti jeusi, mikono ameikunja mbele.

"Tumesikia Dada Chuma hajisikii vizuri," akasema kwa upole. "Mwamshe kidogo, aje mbele, kanisa limwombee."

"Mwombeeni akiwa amelala."

"Ni dakika tano tu. Ingewatia moyo akina mama."

"Mchungaji, huyu mtu amewatia moyo miaka ishirini. Daktari kasema asisimame. Mungu hamjui mpaka asimame mbele?"

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo mtu aliyevaa kola. Akatazama korido, akasogea karibu, akashusha sauti kabisa.

"Sasa chakula je? Jikoni hakuna mtu."

Nikamtazama mikono. Ni mikono mizuri, mikubwa, isiyo na alama hata moja ya moto.

"Gesi inawashiwa kushoto," nikamwambia. "Nyama igeuzwe kila baada ya dakika kumi. Wazee wako safu ya mbele, tena wamekaa tangu asubuhi. Wamepumzika vya kutosha."

Nikafunga mlango. Nikasikia viatu vyake vimesimama hapo nje, kisha vikaondoka polepole, si kuelekea ukumbini.

"Umemjibu vibaya mtumishi wa Mungu," Dada akasema, macho ameyafumba.

"Lala."

"Kaenda wapi?"

"Jikoni."

Jicho moja likafumbuka. "Ataiunguza."

"Na iungue."

Nikangoja anibishie. Nikainama kumwangalia mdomo. Haukuwa umekwenda upande, ulikuwa umelegea tu. Amelala.