Mashine Tatu za Morio

Setsuyo alikuta maboksi matatu yamepangwa mlangoni kwa mdogo wake, akacheka hata kabla hajavua viatu.

"Morio, umeanza kununua maiti?"

"Karibu, dada. Naona domo umekuja nalo."

Yalikuwa maboksi ya mashine za HD DVD, za kurekodi televisheni na kucheza diski. Mwezi uliopita watengenezaji walitangaza kwamba wameshindwa na Blu-ray na hawazitengenezi tena, na maduka ya vifaa vya umeme ya Nipponbashi, Osaka, yakazimwaga kwa bei ya sinia la sushi. Miaka miwili ndugu hawa waligombana mashine ipi ni bora. Setsuyo alinunua mpinzani wake, Blu-ray, kwa kuwa diski yake inabeba zaidi. Morio alishika HD DVD: bei nafuu, picha safi vilevile, na mpumbavu tu ndiye hulipia nafasi asiyoijaza. Walitukanana hivyo kila wakikaa kula, mpaka mama yao akawa anakula amewapa mgongo.

Sasa Setsuyo alikuwa ameshinda, na hakuweza kuufurahia ushindi wenyewe.

Leo mama alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki. Miezi mitatu kabla ya kifo aliimba katika shindano la televisheni la Jumapili mchana, akapigiwa kengele moja, yaani kashindwa. Watoto wote wawili walirekodi, kila mmoja kwa mashine yake. Lakini kwa kanuni za Japani kipindi cha televisheni hakinakiliwi, kinahamishwa tu: kikiingia kwenye diski, mashineni kinafutika papo hapo. Setsuyo alikuwa katikati ya kuhamisha cha kwake, akawasha jagi la umeme huku binti yake anakausha nywele. Umeme wa nyumba nzima ukajikata. Diski haikupata kitu na mashine haikubaki na kitu. Hakumwambia mtu.

"Leo tutazame yako," Morio alisema, akichoma udi mbele ya picha ya mama. "Si ndiyo mashine bora?"

"Tutazame yako."

"Yangu si maiti?"

"Morio, tafadhali."

"Sema kwanza."

Kumbe alikuwa anajua! Tangu lini, mshenzi huyu? Setsuyo alimchukia kwa moyo wake wote.

"Ya kwangu imefutika. Nimepoteza sauti ya mama. Umeridhika?"

"Bado. Sema HD DVD ni bora."

"HD DVD ni bora, mwanaharamu wewe!"

"Unaniita hivyo mbele ya mama?"

Akabonyeza rimoti. Mama akatokea na kimono chake cha zambarau, akaimba beti mbili akiutangulia muziki, kengele ikalia mara moja. Akacheka, akainama. Setsuyo alilia kwa sauti, wala hakujali nani anamsikia.

"Hizo tatu ni za siku mashine hii itakapokufa," Morio alisema bila kumtazama. "Hazitengenezwi tena. Moja chukua."

"Na diski?"

"Diski ni moja. Haitoki humu."

"Sasa mashine bila diski nitaifanyia nini?"

"Utaitunza. Siku nikifa, njoo uichukue hiyo diski. Mpaka hapo utabisha hodi kama wageni wengine."

Setsuyo alilivuta boksi moja upande wake. Akajifuta uso kwa kiganja, akakaa chini.

"Rudisha nyuma," akasema. "Pale anapocheka."